Lita Themanini na Mbili na Nusu

Mimi ndiye mtu pekee niliyewahi kupaishwa na ndege nikiwa nimeng'ang'ania mpira wa mafuta. Kilomita nne juu ya mapaa ya nyumba, na kofia haikudondoka. Anayebisha akawaulize mashahidi. Tatizo ni kwamba wote wameshakufa, na wawili kati yao walikufa kwa kucheka.

Kwa ajili ya hadithi kama hizo watu wa mtaani wananiita Babu Chumvi, wala sijawahi kununa. Miaka thelathini na moja nimejaza mafuta ndege ndogo ndogo kiwanjani. Shule niliishia darasa la sita. Mengine nimeyaokota kwenye vitabu vya marubani vilivyotupwa katika pipa la karakana, nikavisoma nimekaa juu ya ngazi ya lori la mafuta, kurasa nyingine zimelowa grisi hadi kila neno la tatu hulioni. Kwa hiyo ninayosema huwa yana robo ya ukweli. Haya ya leo yana zaidi, kwa sababu yanamhusu mjukuu wangu, na huyo binti ana tabia mbaya ya kukagua.

Mjukuu wangu anasomea urubani. Ameshapaa na mwalimu wake saa kumi na tano, lakini ili aendelee lazima afaulu mtihani wa kuandika: maswali arobaini, kila swali lina majibu manne, unachagua moja, upate thelathini. Kwa miaka mingi mtihani huo haukuwa mtihani, ulikuwa wimbo. Kulikuwa na rundo la fotokopi, unene wake kama tofali, wanafunzi wakaliita Gogo. Ndani mna maswali mia tisa na arobaini pamoja na majibu yake, na darasa moja lilikuwa linalirithisha jingine kama sufuria ya ukoo. Watunga mitihani walikuwa wanachota humo humo. Ukilimeza Gogo, umefaulu.

Kwetu kulimeza kulikuwa mchezo. Binti yangu, mama yake huyo mjukuu, kazi yake ni kusoma mita za maji nyumba hadi nyumba. Akirudi, hata viatu hajavua, anapaza sauti mlangoni:

"Mia mbili na kumi na mbili!"

"B!" jibu linatoka bafuni.

"Mia sita na tisa!"

"D, na mstari wa pili wamekosea nukta!"

Mimi mwenyewe nilikuwa nampima huku nakatakata vitunguu. Wenzake darasani wakambandika jina la Kasuku, na walisema kwa heshima, kama mtu anavyoitwa Profesa. Nami nikajigamba dukani kwamba mjukuu wangu ana kichwa chenye kumbukumbu kuliko kabati la serikali.

Kisha ikabandikwa karatasi kwenye ubao wa chuo. Mistari mitatu tu: kuanzia mwezi huo mitihani yote ya nadharia imeandikwa upya, na maswali ya zamani hayatatumika kama yalivyo. Wanafunzi wakacheka. Wakasema hao wazee wa ofisini wamechoka, labda wamehamisha A ikawa C basi. Kasuku akaenda kufanya mtihani amepiga pasi mpaka kola ya shati ingeweza kukata mkate.

Alirudi saa nane mchana. Akakaa kwenye kigoda cha jikoni, begi bado liko mgongoni.

"Ngapi?" nikamuuliza.

"Ishirini na tatu."

"Makosa?"

"Alama, babu."

Binti yangu akaacha kufungua kamba za viatu. Sufuria ikaanza kufoka, nami nikapata sababu ya kugeuka.

"Unajua kilichoniuma?" akasema. "Kuna swali linauliza utatua kutoka upande gani wa kiwanja. Kwenye Gogo lipo. Upepo unatoka kusini, jibu B. Nikaona maneno matatu ya kwanza, mkono ukaenda wenyewe kwenye B. Nimefika getini ndiyo nakumbuka wameandika upepo unatoka kaskazini. Kaskazini, babu! Ndege inatua inatazamana na upepo, hata mama anajua."

"Mimi sijui," binti yangu akasema.

"Basi sasa unajua. Mimi nilikuwa najua, na nikatua na upepo mgongoni. Ingekuwa ndege kweli ningemaliza njia yote ya kutua nikaingia kwenye uzio." Akavua begi. "Sijui kitu. Najua majibu tu."

Utaratibu wa chuo ulikuwa mkali: unapewa nafasi ya pili baada ya wiki tatu. Ukianguka tena, jina lako linafutwa kwenye zamu za kurusha, kiti chako ndegeni anapewa mwingine, wewe unarudi benchi la kwanza mwaka unaofuata pamoja na wageni. Zile saa kumi na tano za angani zingelala hapo mpaka zioze. Na mimi namjua mjukuu wangu. Asingerudi benchi la kwanza. Angetafuta kazi ya kukaa kwenye kiti cha kuzunguka, awe anaangalia dirishani kila ndege ikipita.

Mwalimu wao wa darasani, kapteni mstaafu mwenye sauti ya mtu anayeongea na mnara wa kuongozea ndege, alimpa ushauri mmoja tu. "Tafuta mtu akuulize mambo ambayo hayamo kwenye kitabu chochote," alimwambia. "Miaka tisa nimefundisha hapa, hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza kwa nini. Wananiuliza ni ukurasa wa ngapi."

Mjukuu wangu akanisimulia hayo asubuhi huku anakoroga chai kwa hasira.

"Mambo ambayo hayamo kwenye kitabu chochote," nikarudia. "Mjukuu wangu, Mungu akupe nini? Unaishi nayo nyumba moja."

"Babu, sina nafasi ya utani."

"Si utani. Mimi nasema uongo, wewe unaukamata. Lakini hutaukamata kwa kusema 'babu, acha hizo.' Utaukamata kwa penseli."

Kisha akavuta karatasi.

Nikaanza na kitu chepesi. Nikamwambia siku moja ndege ya viti vinne ilibeba wacheza mieleka wanne, kila mmoja kilo mia moja na thelathini, matangi yamejaa pomoni, saa saba mchana lami inanata kwenye viatu, na ikaruka kabla ya nusu ya njia ya kurukia.

"Ndege gani? Ile ya kwetu ya mazoezi?"

"Ile ile."

Penseli ikakimbia. "Yenyewe tupu ni kilo mia saba na sitini. Wacheza mieleka mia tano na ishirini. Mafuta mia moja na arobaini. Jumla elfu moja mia nne na ishirini. Kikomo chake ni elfu moja mia moja na kumi. Babu, umezidisha kilo mia tatu na kumi! Ndege yako ingefika mwisho wa njia, ikavuka barabara, ikaingia sokoni kununua nyanya."

"Marubani wa zamani walikuwa hodari."

"Uhodari haupunguzi kilo. Na hilo jua lako la saa saba ndilo lingeharibu zaidi. Hewa ikipata moto inakuwa nyepesi, bawa linakosa cha kushika, injini inakosa cha kuvuta. Unahitaji njia ndefu zaidi, siyo fupi."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Yaani... liko kwenye Gogo, la mia tatu na kitu, jibu A. Lakini sasa hivi ndiyo nimeliona."

Tukaendelea hivyo kila siku, asubuhi kabla hajaenda darasani na jioni kabla ya chakula. Nilidanganya kama sijawahi kudanganya maishani. Nilirusha ndege juu ya mlima zikiwa chini ya mlima. Nilizitua kwenye ukungu kwa kufuata harufu ya mkaanga samaki. Nilimpa mawingu ya radhi na mawingu ya shari, naye akawa ananiambia lipi lina mvua, lipi lina barafu, na lipi babu umelitunga kwa sababu limekaa kama ng'ombe. Akikosea, hatukuangalia jibu popote, maana jibu halikuwepo popote. Alirudi mwanzo, akachora mshale wa upepo, akachora ndege, akahesabu tena.

Siku moja nilimwambia habari ya rubani aliyezunguka angani saa tano na nusu bila kutua kwa sababu mama mkwe wake alikuwa anamsubiri chini na mizigo. "Nilimjazia lita mia mbili," nikasema, "na injini yake ilikuwa inakula lita thelathini na tano kwa saa."

Akapiga hesabu. Akapiga tena. "Saa tano na dakika arobaini na kidogo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo imetokea."

"Haiwezi kuwa imetokea! Nimeitunga sasa hivi!"

"Hesabu inakubali, babu. Ametua bado ana dakika kumi za mafuta. Ni mjinga, hana akiba, lakini ametua."

Binti yangu alikuwa mlangoni na daftari lake la mita. "Baba, huyo mama mkwe mwenye mizigo siyo marehemu bibi yangu kweli?"

"Nyamaza, kuna mtoto."

Nilikaa vibaya siku nzima. Mtu unajenga jina miaka yote, halafu unasema kweli kwa bahati mbaya.

Wiki ya tatu nikaishiwa. Si uongo, pumzi. Ilikuwa Alhamisi, mtihani ulikuwa Jumatatu. Nikamwona macho yamemwiva, nikamwambia, "Leo weka penseli. Nakupa hadithi ya kweli, ucheke, ukalale."

Hii hadithi nimeisimulia zaidi ya mara mia, harusini, dukani, hata msibani. Zamani kulikuwa na rubani wa ndege ya injini mbili, mtu wa majivuno, viatu vyake ungeweza kujitazamia ukinyoa ndevu. Asubuhi moja, mbingu nyeupe pee, hakuna wingu hata la dawa, anasafiri safari ya saa tatu. Akanipigia kelele kutoka mlangoni mwa ndege: "Mia na hamsini!" Nikamjazia mia na hamsini, akatia saini karatasi bila kuitazama, akaondoka. Saa mbili baadaye tukasikia ametua kiwanja cha njiani, cha changarawe, chenye mbuzi. Alipoulizwa akasema kaona mawingu mabaya. Mawingu! Siku ile hata moshi wa sigara ulikuwa unaona haya kupanda. Tukamwita Mwoga wa Mawingu mpaka akahama. Kesho yake alirudi, akanikodolea macho, hakusema neno.

Hapo ndipo watu hucheka. Mjukuu wangu hakucheka.

"Mia na hamsini nini?" akauliza.

"Mafuta."

"Najua mafuta. Kilo au lita?"

"Pampu yangu inahesabu lita. Nimejaza lita."

"Na yeye aliomba nini? Ndege za injini mbili wanapanga kwa kilo."

Nikasema sikumbuki. Lakini nilikuwa nakumbuka, kwa sababu kila nilipoisimulia nilikuwa naiga sauti yake, na sauti yake ilisema mia na hamsini tu.

Akachukua penseli niliyomkataza. "Zilikuwa zinakula kiasi gani?"

"Kilo arobaini kwa saa, zote mbili."

"Kilo mia na hamsini gawanya kwa arobaini. Saa tatu na dakika arobaini na tano. Safari saa tatu, akiba dakika arobaini na tano. Imekaa sawasawa, babu, kama nguo ya kupimwa. Alitaka kilo." Akaandika mstari wa pili, polepole zaidi. "Lita moja ya mafuta yale haifiki kilo. Ni gramu mia saba na ishirini. Lita mia na hamsini ni kilo mia moja na nane. Gawanya kwa arobaini. Saa mbili na dakika arobaini na mbili."

Akaiweka penseli chini.

"Dakika kumi na nane," akasema. "Asingefika kwa dakika kumi na nane. Hakuona mawingu, babu. Aliona geji ya mafuta."

Nilitazama zile namba. Zilikuwa nne tu, hata darasa la sita zinaingia. Miaka yote ile nilikuwa nimelikariri lile tukio kama wenzake walivyolikariri Gogo, neno kwa neno, na kicheko mahali pake, wala sijawahi kujiuliza kwa nini mtu mwenye viatu vile atue kwa mbuzi.

Ijumaa niliomba namba ya yule rubani kwa mlinzi wa zamani wa kiwanja. Bado anaishi, anafuga kuku. Nikampigia simu, nikamwambia mimi ni nani, nikamwambia lita, nikamwambia kilo.

Nikasikia anawafukuza kuku.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Karatasi iliandikwa lita, wazi kabisa, kwa mwandiko wako mzuri. Niliitia saini bila kusoma. Ningesema nini kwa wakubwa? Nikasema mawingu." Akakohoa. "Nikawa nakutazama nikidhani unajua na unanifichia. Nikasema huyu bwana ana moyo."

"Sikuwa na moyo, kaka. Nilikuwa nakucheka."

"Nilisikia. Mwoga wa Mawingu." Akacheka, na kicheko chake hakikuwa na majivuno hata punje. "Aliyekutolea hiyo hesabu ni nani?"

"Mjukuu wangu. Jumatatu ana mtihani."

"Huyo," akasema, "mwambie akishahesabu asimwogope mtu."

Nikampa mjukuu wangu ujumbe kama ulivyo, bila kuongeza chumvi.

Jumatatu nilimsindikiza. Chumba cha mtihani kina kompyuta kumi na mbili, feni moja na saa ya ukutani iliyo mbele dakika tatu. Kila mtahiniwa anapewa karatasi moja ya kukokotolea, ina muhuri wa ofisi na namba yake, na lazima airudishe ikiwa na kila alichoandika. Mimi nikabaki kwenye benchi la nje. Wenzake walianza kutoka baada ya nusu saa, wengine wanatabasamu, mmoja anapiga mluzi. Yeye alitoka wa mwisho kabisa. Msimamizi alikuwa ameshazima feni.

Ameshika karatasi ya matokeo, kompyuta inaitoa hapo hapo.

"Ishirini na tisa," akasema.

Alama moja! Nikamshika mkono tuondoke.

"Babu, ngoja kwanza. Swali la thelathini na tatu lina kasoro."

"Mama, kila anayeanguka—"

"Nisikilize. Ndege inakwenda maili mia kwa saa. Safari maili mia moja na sitini. Upepo wa mbele, maili ishirini kwa saa. Injini inakula lita thelathini kwa saa, na ubaki na akiba ya dakika arobaini na tano. Mafuta ya chini kabisa ni lita ngapi?"

Nikahesabu kwa vidole na midomo. Upepo unakusukuma nyuma, unabaki na maili themanini. Saa mbili. Lita sitini. Akiba ishirini na mbili na nusu. "Themanini na mbili na nusu."

"Majibu waliyoweka ni hamsini na tano, sitini na mbili na nusu, sabini, na sabini na tano. Yote ni madogo. Ukichagua lolote unakula akiba, na la kwanza hata hufiki. Nimehesabu mara nne. Zamani ningechagua lililo karibu nikaondoka. Leo nimeacha wazi, nikaandika kwenye karatasi yao: jibu ni lita themanini na mbili na nusu, halimo."

Nilitaka kumwambia tusigombane na ofisi. Watu wa rika langu tumefundishwa kwamba karatasi yenye muhuri haikosei, anayekosea ni aliyeishika. Lakini yeye alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea mlango wenye kibao cha rufaa.

Mkuu wa mitihani alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kwa kamba, meza imejaa bahasha. Alitutazama kama mtu aliyekwisha kuona vilio vya kila namna wiki hiyo.

"Umepungukiwa moja," akasema. "Wote waliopungukiwa moja wana swali lenye kasoro."

"Shikamoo, mama," mjukuu wangu akasema. "Naomba ulihesabu. Kama nimekosea naondoka."

Yule mama akaitikia, akavuta pumzi, akavuta karatasi. Alihesabu kwa kalamu, bila haraka. Alipofika mwisho akatazama skrini yake, akahesabu tena. Halafu akavua miwani.

"Jibu tulilosajili ni B. Sitini na mbili na nusu."

"Hilo ni la upepo wa nyuma," Kasuku akasema. "Maili mia moja na ishirini kwa saa, saa moja na dakika ishirini, lita arobaini, ongeza akiba. Ni swali la mia nne na kumi na nane kwenye Gogo. Mmegeuza upepo, mmesahau kugeuza majibu."

Mkuu wa mitihani akaweka kalamu chini. Kisha akavuta droo ya chini, akatoa Gogo. Lao wenyewe! Limechakaa kuliko letu, limefungwa kwa mpira. Akafungua mia nne na kumi na nane, akapitisha kidole, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka.

"Miezi kumi," akasema, "tumekaa ofisi hii kuwazuia nyinyi msijibu bila kusoma." Akabofya kitu, akasoma. "Leo watu kumi na mmoja wamefanya mtihani huu. Saba wamechagua B. Na nimewapa alama wote."

"Lifute tu, mama," nikaingilia. "Lifute, mtoto apite."

Akanigeukia. "Mzee, ukifuta, maswali yanabaki thelathini na tisa."

Nikafurahi. Mjukuu wangu hakufurahi. Niliona midomo yake inacheza, anagawanya.

"Haifai," akasema. "Ishirini na tisa kwa thelathini na tisa ni sabini na nne na kidogo. Kiwango ni sabini na tano. Likifutwa, bado nimeanguka."

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Mtu anakutupia kamba, wewe unaipima urefu! Lakini mkuu wa mitihani alikuwa anamtazama kwa namna nyingine sasa.

"Kweli," akasema. "Sabini na nne nukta tatu. Kwa hiyo silifuti." Akafungua bahasha moja, akachambua, akatoa ile karatasi ya kukokotolea yenye muhuri. Juu kushoto kuna ndege ndogo iliyochorwa, mshale wa upepo umeipiga puani, na chini yake hesabu, safi, mstari kwa mstari, na zile namba zimepigiwa duara. "Swali ni zuri. Majibu ndiyo mabovu. Jibu sahihi limeandikwa kwenye karatasi ya ofisi hii, ndani ya muda, kwa mkono wako. Nalisahihisha jibu, siyo swali."

Akaandika. Kompyuta ikafikiri. Printa ikatoa karatasi nyingine, ya moto: thelathini kwa arobaini.

Nilisimama nimkumbatie mkuu wa mitihani, bahati nzuri meza ilikuwa pana. "Na hao saba?" nikamuuliza.

"Hao nitawaita mmoja mmoja, waniambie walifikaje sitini na mbili na nusu. Atakayenionyesha njia nitamvulia kofia." Akampa mjukuu wangu matokeo. "Hongera, mwanangu. Nenda kawaambie wakuweke kwenye zamu ya kurusha kabla hawajafunga."

Nikashika kitasa cha mlango. Nimegeuka, Kasuku bado amekaa. Anasoma ile orodha ya chini, ya maswali aliyokosa.

"La kumi na tisa hapa," akasema, "lile la barafu kwenye bawa. Hili halina kasoro, mama. Nililikosea mimi, na sijui kwa nini. Una nafasi unionyeshe?"

Mkuu wa mitihani akatazama saa. Akasogeza bahasha zote upande mmoja wa meza, akavuta karatasi nyeupe.

"Mzee," akaniambia, "tusubiri hapo nje."

Nikakaa kwenye benchi saa nzima. Kupitia mlango nilisikia mmoja anauliza, mwingine anajibu, halafu wanabadilishana.